Kasri Lisilo na Bara: Uhakiki wa Usimulizi wa Beit al-Sahel, Unguja

Makala haya yanakusudia kuhakiki matini ambayo haikuandikwa kwa wino. Matini hiyo ni Beit al-Sahel, kasri la masultani wa Unguja lililoko Mizingani, katika Mji Mkongwe, ambalo mwaka 1994 lilifanywa makumbusho. Nililizuru mwaka 2019 nilipokwenda Unguja kwa ajili ya warsha ya walimu wa Kiswahili. Huenda baadhi ya wasomaji wa jarida hili wakauliza jumba la kifalme linahusiana vipi na taaluma yetu. Jibu letu ni kwamba makumbusho, sawa na riwaya au tawasifu, yana msimulizi, yana wahusika aliowateua na wengine aliowaacha, na yana mpangilio wa matukio. Zaidi ya hayo, makumbusho haya yanasimulia, kwa sehemu kubwa, chanzo cha utajiri ule ule uliokisukuma Kiswahili kutoka pwani hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hata kikafika kwetu Lulimba katika wilaya ya Fizi. Kwa hiyo hatulihakiki kasri hili kama watalii. Tunalihakiki kama watu wanaosoma sura ya kwanza ya kitabu ambacho wao wenyewe wamo katika sura ya nne.

Tuanze na jina. Beit al-Sahel kwa Kiarabu ni nyumba ya pwani, na ni katika neno hilo sahel, kwa wingi wake sawahil, ndimo lilimotoka jina la lugha yetu. Lilikuwa jumba la mjini la Sayyid Said bin Sultan, aliyeuhamishia utawala wake Unguja kutoka Maskati na kufariki baharini mwaka 1856. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipokwisha kujitwalia kiti cha ufalme bila ridhaa ya Waingereza, manowari zao zililipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Jumba jirani, Beit al-Hukm, liliteketea lisijengwe tena. Beit al-Sahel likafanyiwa matengenezo makubwa na kuendelea kukaliwa na watawala hadi Januari 1964, Sultan Jamshid alipokimbia mapinduzi. Baada ya hapo likaitwa jumba la wananchi, likawa ofisi za serikali kwa miaka thelathini. Ni historia yenye mikasa ya kutosha kumridhisha msomaji yeyote wa riwaya.

Mpangilio wa makumbusho ulifuata utaratibu wa tawala. Mgeni alianza chini na zama za Said na warithi wake wa mwanzo, kisha akapanda ngazi na kupanda miaka pamoja nazo, mpaka vyumba vya Sultan Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Picha za wafalme ukutani, samani nzito zilizochongwa, viti vya baraza, meza za kulia. Kilichonishangaza ni kwamba fahari hupungua kadiri mtu anavyopanda. Huko juu palikuwa na kabati la fomika, la namna ambayo ningeweza kuikuta katika nyumba ya karani wa mgodi kule Kalemie au Lubumbashi katika miaka ya 1950. Nawapongeza walioamua kuliacha kabati hilo mahali pake. Makumbusho mengi ya kifalme yangelificha na kuweka kitanda cha dhahabu. Kabati la fomika ni sentensi ya kweli: linatuambia kwamba ufalme ule, katika miaka yake ya mwisho, ulikuwa umekwisha kuwa nyumba ya watu wenye nafasi tu, chini ya himaya ya Waingereza.

Lakini moyo wa usimulizi wa kasri hili haukuwa katika vyumba vya wafalme. Ulikuwa katika chumba cha binti mfalme, Sayyida Salme binti Said, ambaye Ulaya ilimjua kwa jina la Emily Ruete. Alizaliwa Beit al-Mtoni mwaka 1844, mama yake akiwa suria wa Kicherkesi. Alijifunza kuandika mwenyewe, kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Na kwa kuwa alijua kuandika, mwaka 1859 alitumiwa kuandika barua za njama za ndugu yake Barghash dhidi ya ndugu yao Majid. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa manowari ya Kiingereza, akabatizwa na kuolewa Aden na mfanyabiashara wa Hamburg aliyekuwa amempenda. Miaka mitatu baadaye mume huyo alifariki kwa ajali ya tramu ya farasi. Mwaka 1886 Salme alichapisha kumbukumbu zake mjini Berlin, kwa Kijerumani. Alifariki Jena mwaka 1924.

Hatuna ugomvi na uteuzi wa mhusika huyu. Kitabu chake ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa zilizochapishwa na mwanamke kutoka ulimwengu wa Kiarabu na wa pwani yetu, na mwanaisimu yeyote atakisoma kwa hamu. Anasimulia kwamba katika Beit al-Mtoni, mlimokuwa na watu wapatao elfu moja, mbele ya baba yake kilisemwa Kiarabu peke yake; lakini mzee akishageuza mgongo zilifumuka lugha zote za nyumba ile: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi, Kihabeshi. Kwa maoni yetu, hapo pana maelezo ya hali ya lugha katika jamii yaliyo bora kuliko kurasa nyingi za vitabu vyetu vya isimujamii. Lugha rasmi ni ile inayosemwa mbele ya mwenye nyumba. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa zile zilizosemwa nyuma yake.

Tatizo linatokana na kazi ambayo mhusika huyu anafanyishwa. Pindi Salme anapokuwa kiini cha masimulizi, kasri hugeuka kuwa hadithi ya ukoo: baba mkali mwenye huruma, ndugu wanaogombana, binti anayependa na kupotea ugenini. Mgeni huingiwa na majonzi, na majonzi hayo ni halali. Lakini mtu mwenye majonzi haulizi nyumba ilijengwa kwa nini na kwa mgongo wa nani. Tena Salme mwenyewe, aliyeonewa na desturi kwa namna nyingi, ametoa katika kitabu chake sura ya kuutetea utumwa wa Mashariki, akidai kwamba ulikuwa mpole na kwamba Waingereza waliufuta kwa pupa. Sura hiyo haimfanyi kuwa mtu mwovu. Inamfanya kuwa mtoto wa nyumba yake. Makumbusho yanayomchukua kuwa jicho lake yanapaswa kukumbuka kwamba jicho hilo lina upande lisikoona.

Hapa naomba ruhusa ya kuingia katika taaluma yangu, kwa sababu suala hili ni la sarufi kabla ya kuwa la siasa. Kiswahili kina njia mbili za kumwondoa mtenda katika sentensi. Ya kwanza ni kauli ya kutendwa. Tukisema "jumba lilijengwa", mtenda hatajwi, lakini nafasi yake ingali wazi: msikilizaji anaweza kuuliza "na nani?", na sarufi inamruhusu msemaji kujibu. Njia ya pili ni kauli ya kutendeka, pamoja na vitenzi vya umbo la "patikana" na "julikana". Tukisema "pembe zilipatikana bara", hakuna tena nafasi ya mtenda. Huwezi kuongeza "na fulani" ukabaki katika sarufi. Pembe zimepatikana kama mvua inavyopatikana. Sasa msomaji achukue kitabu chochote cha historia cha shule, cha kwetu au cha ng'ambo ya ziwa, aangalie vitenzi vinavyotumika kueleza utajiri wa Unguja katika karne ya 19: biashara ilikua, mali iliongezeka, pembe na watumwa walipatikana, majumba yakajengwa. Nimewafanyisha wanafunzi wangu zoezi hili mara mbili, na mara zote mbili darasa lilinyamaza kwa muda. Kasri la Mizingani nalo, kwa mpangilio wake, linasema kwa kauli ya kutendeka. Vitu vimo. Havikutoka kokote.

Lakini kuna matini nyingine ya zama zile zile, na hiyo ilitungwa kwa Kiswahili. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja na kufia huko mwaka 1905, aliandika maisha yake kwa Kiswahili kwa hati ya Kiarabu. Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20 kwa hati ya Kirumi, na baadaye W. H. Whiteley akayatolea tafsiri ya Kiingereza. Nyumba yake ingali Shangani, mwendo mfupi kutoka kasrini, na kwa miaka mingi imekaliwa na familia kadhaa zinazoanika nguo zake nje kama nyumba nyingine yoyote. Katika kitabu hicho hakuna kutendeka. Nafsi ya kwanza imetawala toka mwanzo hadi mwisho, na kiambishi -ka- kinavuta tendo juu ya tendo: mtu anakwenda, anafika, anapigana, anachukua, anapima kwa frasila, anapeleka pwani. Itawa ya Nsama imo, Kasongo imo, mto wa Lualaba umo. Na kasri limo pia: Majid na Barghash wanaonekana humo kama wakubwa wanaongojea mzigo na wanaouliza habari za bara. Mwishoni tunamwona Barghash akimweleza mtu wake kwamba bara limekwisha kumponyoka. Na mwaka 1887, humo humo Unguja, Tippu Tip anakubaliana na Stanley kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold. Kwa hiyo njia kutoka Mizingani hadi makasri ya Ubelgiji haikuwa ndefu sana. Ilipita mikononi mwa mtu mmoja.

Sisemi kwamba Tippu Tip ni msimulizi mwaminifu kuliko Salme. Ni msimulizi mwenye kiburi, na watu waliobeba pembe zake mabegani hawana majina katika kitabu chake. Lakini hawezi kudai kwamba pembe zilipatikana. Anajua nani alizipata, maana ni yeye.

Nieleze kwa nini jambo hili linanihusu zaidi ya darasani. Njia kuu ya misafara ilivuka ziwa kutoka Ujiji hadi Mtowa, ikaelekea Kabambare na Kasongo, ikipita kusini-magharibi ya Lulimba. Upande wa mashariki yetu, kwenye ufuko wa Ubwari na Kibanga, mapadri wa Kardinali Lavigerie walipopiga kambi kuanzia miaka ya 1880, sehemu ya kazi yao ilikuwa kuwakomboa watumwa kwa kuwanunua. Watu wa bara waliojiunga na misafara, wakavaa kanzu na kusema lugha ya pwani, walijiita Waungwana, ili wasiitwe washenzi. Na kutokana na jina hilo Kiswahili cha Kongo kiliitwa Kingwana. Bibi yangu mzaa mama, ambaye hakuwahi kuingia shule, alilitumia neno hilo jioni, watoto tulipochelewa kurudi kutoka mtoni: rudini, Waungwana wanapita. Nilipofika sekondari, mwalimu alitufundisha kwamba uungwana ni adabu, heshima na tabia njema, akatupa sentensi za mfano tuziandike. Niliziandika. Nilipata alama zote. Sikuweza kumwambia bibi.

Kamusi zetu sanifu hutoa maana ya pwani na kuishia hapo. Hilo si kosa la matusi wala dharau. Ni kwamba kamusi, kama kasri, ina madirisha yake. Lakini mtafiti wa semantiki akisikiliza jinsi neno hili lilivyotumiwa katika vijiji vya Fizi atagundua kwamba lilichukua njia ile ile iliyochukuliwa na misafara, likabadilika maana kadiri lilivyosogea magharibi: kutoka mtu huru, hadi mtu mwenye bunduki, hadi kitisho cha watoto. Hiyo ni historia nzima ya karne moja ndani ya nomino moja, na hakuna chumba cha makumbusho kilichoipokea.

Pembe zenyewe zina habari yake. Kwa Walega, majirani na ndugu zetu, na kwa namna yake kwa sisi Wabembe, kulikuwa na chama cha bwami, ambacho mtu alikipanda daraja kwa daraja kwa mafunzo, kwa methali na kwa ukarimu. Kwa Walega, sanamu na vijiko vya pembe vilikuwa vitambulisho vya daraja la juu kabisa, kindi. Havikuuzwa. Mwenye kitu akifa, kilisubiri mtu mwingine atakayestahili kukishika. Pembe ile ile iliyopimwa kwa frasila Unguja, kwetu ilipimwa kwa mwenendo wa aliyeishika. Serikali ya Wabelgiji iliipiga bwami marufuku mwaka 1948, na vitu vyake vingi leo viko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, yakiwamo ya Tervuren karibu na Brussels, ambayo Leopold alianza kuyajenga na yakafunguliwa mwaka 1910, kisha yakafungwa mwaka 2013 kwa ukarabati na kufunguliwa tena Desemba 2018. Sijafika Tervuren, na nauli ya kunifikisha huko haionekani. Ninachosema ni kwamba pale angalau ugomvi umekwisha kuanza: mgeni anaingia akijua kwamba jumba na Kongo ni habari moja. Mizingani mgeni angeweza kutoka bila kujua kwamba Kongo ilihusika.

Kuna pingamizi ambalo lazima tulijibu, kwa sababu nimeelezwa na mwenzangu mmoja wa Unguja, kwa upole na kwa haki. Alisema kwamba Unguja haijaficha utumwa. Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, pana kanisa kuu la Waanglikana, pana sanamu za watumwa waliofungwa minyororo shimoni, na tangu 2016 pana maonyesho ya historia ya biashara hiyo. Kwa nini basi kila jumba lirudie habari ile ile? Pingamizi hili lina uzito. Lakini nadhani linathibitisha hoja yetu zaidi ya kuivunja. Kutoka Mkunazini hadi Mizingani ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Mgeni huhuzunika mahali pamoja na kustaajabu mahali pengine, na baina ya huzuni na mastaajabu hayo kuna vichochoro, maduka ya vinyago na mkahawa. Utumwa umewekwa kanisani, ufalme umewekwa kasrini. Mgawanyo huo wenyewe ni tafsiri ya historia, na ni tafsiri yenye nguvu kwa sababu haikuandikwa popote na hivyo haiwezi kupingwa.

Wenyeji wa mitaani, kusema kweli, hawajaukubali mgawanyo huo. Kuna masimulizi yanayojulikana sana mjini kwamba chini ya nguzo za Beit al-Ajaib, jumba la fahari alilolijenga Barghash mwaka 1883 kando ya kasri, walizikwa watumwa wakati wa ujenzi. Wanahistoria hudai ushahidi, na wana haki. Mhakiki wa fasihi simulizi hudai jambo jingine: maana. Masimulizi haya yanarudisha mtenda na mtendwa katika sentensi iliyokuwa imewafuta wote wawili. Yanasema kwamba chini ya nguzo kuna mtu. Kwa kipimo hicho, ni uhakiki wa Beit al-Ajaib uliotangulia makala haya kwa miaka mingi.

Nilipotoka kasrini niliketi kwenye baraza upande wa Forodhani. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa alinisikia nikiuliza bei, akacheka kwa wema, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kongo, wilaya ya Fizi. "Mbona basi wajua Kiswahili, mwanangu?" Nikamjibu: "Shikamoo, mzee. Kilitufikia na watu wa hapa." Akanitazama kidogo, akaagiza kikombe cha pili akanisogezea. Hatukuendelea na habari hiyo. Tukazungumza bei ya dagaa, ambayo kwa hesabu yake ilikuwa imepanda na kwa hesabu yangu ilikuwa rahisi.

Tarehe 25 Desemba mwaka 2020, sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka ikiwa katika ukarabati uliogharimiwa na serikali ya Oman, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Tangu hapo suala la majumba ya Mizingani limekuwa la wahandisi na la mabajeti. Lakini baada ya mafundi huja waandishi wa maelezo, na wakati huo ndipo taaluma ya Kiswahili inapotakiwa kusema. Pendekezo langu ni dogo wala halihitaji fedha za nchi yoyote. Katika chumba cha Salme iwekwe meza ya pili. Juu ya meza ya kwanza kiwe kitabu chake; juu ya meza ya pili kiwe cha Tippu Tip, kikiwa kimefunguliwa katika Kiswahili chake cha asili, pamoja na ramani inayoonyesha Ujiji, Mtowa, Kabambare na Kasongo. Na maelezo ya meza zote mbili yaandikwe kwa vitenzi vyenye watenda. Mwenye kutaka msaada wa kuvichagua vitenzi hivyo, wapo wanafunzi wa Fizi waliofanya zoezi hilo mara mbili.